Kisima cha Lang'ata kinachosikiliza matetemeko: shajara ya mradi

Ninaandika kila hatua inapokamilika, ili anayetaka kufanya kazi hii kwake aweze kufuata bila kupoteza pesa nilizopoteza mimi. Saa zote nimeziandika kwa mtindo wa saa 24, kwa saa za Nairobi, isipokuwa niseme vinginevyo. Sababu ya kusisitiza jambo hili mtaiona kwenye maandishi ya Aprili.

9 Novemba 2024: Kisima kimepatikana

Miezi saba nimetafuta kisima kirefu kisichotumika, chenye fomu ya mchimbaji, na chenye mwenyewe atakayekubali nishushe chombo ndani. Nimekipata Lang'ata, hapa Nairobi. Mama mwenye ploti alichimbiwa mwaka 2011 akakitumia miaka minne. Wajukuu walipoanza kuota meno yenye madoa ya kahawia alipeleka maji maabara, ikaonekana floraidi ni miligramu 5.2 kwa lita. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe ni 1.5. Pampu ikang'olewa, mdomo wa bomba ukafunikwa kwa bati na jiwe.

Nilipomwomba ruhusa aliniuliza swali moja tu: "Fundi, hutawachafulia wengine maji?" Maana anajua maji ya chini hayana ua. Nimemwahidi kuosha kila kitu kwa klorini kabla hakijashuka, na ahadi hiyo tumeiandika na kutia sahihi.

Fomu ya mchimbaji ni dhahabu. Inasema kisima kina mita 240, maji yaligongwa mita 186, kisha yakapanda yenyewe hadi mita 97. Hapo ndipo nilipojua kisima kinafaa. Maji yanayopanda hivyo yamebanwa: juu yake kuna mwamba usiopitisha maji, hapa kwetu mawe ya volkeno ya Nairobi yaliyolala juu ya matabaka ya Athi. Maji yaliyobanwa ni kama maji ndani ya chupa laini ya plastiki. Ukiibinya chupa kidogo tu, maji yanapanda shingoni. Kisima ndicho shingo. Wimbi la tetemeko linapopita linaubinya mwamba na kuuachia, na maji kisimani yanapanda na kushuka. Kisima kifupi cha kuchimbwa kwa jembe, chenye maji yaliyo wazi kwa hewa, hakifanyi hivyo vizuri. Msianze na hicho.

Leo nimepima kwa kamba ya kupimia: maji yako mita 112.40. Kutoka 97 hadi 112.40 kwa miaka kumi na mitatu, na kwa miaka tisa ya mwisho hakuna aliyevuta hata ndoo moja kutoka kisima hiki.

Kwa nini ninafanya kazi hii? Julai 2007 nilikuwa kibarua wa kampuni ya pampu, tukipima uwezo wa kisima kipya Ongata Rongai. Pampu ilikuwa imevuta tangu alfajiri na maji yalishakuwa maangavu. Jioni ya tarehe 17 ardhi ikatikisika. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililotokea karibu na mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron kule Tanzania, kama kilomita 160 kutoka hapa. Mjini watu walishuka ngazi mbio wakajaa barabarani. Sisi tuliona jingine: baada ya dakika chache maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa na yakakaa hivyo hadi usiku. Msimamizi aliandika kwenye ripoti "mchanga" na kazi ikaendelea. Hatukuwa na chombo chochote kinachorekodi. Tangu siku hiyo nimetaka kujua maji yale yalisikia nini.

Tena Nairobi si mbali na Bonde la Ufa. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la 6.9 lilipasua ardhi kule Subukia kwa urefu wa kilomita 38. Likija jingine la aina hiyo, nataka pawe na kisima kimoja angalau kilichokuwa macho.

30 Novemba 2024: Manunuzi na kushusha

Vifaa vya umeme nimenunua barabara ya Luthuli mjini, sanduku nimechomelewa Kamukunji. Kihisi cha shinikizo, kinachopima uzito wa maji yaliyo juu yake, kimeagizwa nje. Hesabu ya shilingi:

Kihisi cha chuma kisichoshika kutu, cha kufika mita 20 za maji: 11,800 pamoja na ushuru
Kebo mita 130, kila mita 150: 19,500
Bodi ya kompyuta ndogo, kigeuzi cha mawimbi ya umeme kuwa namba, saa, kadi ya kumbukumbu na kipima hewa: 3,950
Betri ya volti 12, paneli ya sola ya wati 20 na kidhibiti chaji: 5,700
Sanduku la chuma lenye kufuli: 2,800

Jumla 43,750. Kilichokula pesa ni kina. Maji yakiwa mita 112 huwezi kununua kebo ya mita 20. Kuna kebo zenye mrija mwembamba wa hewa ndani, zinazokifanya kihisi kisahau uzito wa hewa, lakini niliambiwa 400 kwa mita, yaani 52,000 kwa kebo peke yake. Nimechagua kihisi kisicho na mrija, na juu ya kisima nimeweka kipima hewa cha shilingi 450. Hewa nitaiondoa kwa hesabu.

Kihisi kimeshuka mita 10 chini ya uso wa maji. Kinapima kila baada ya dakika 10. Kushusha kulichukua saa mbili, hakuna la kusimulia.

14 Desemba 2024: Maji "yaliyopanda"

Kosa la kwanza, na linaniuma kwa sababu lilimgusa mtu mwingine.

Siku tano baada ya kushusha, grafu ilionyesha maji yamepanda sentimita 23. Nilifurahi. Nilimwambia mama mwenye ploti kwamba huenda maji yanarudi. Yeye akawaambia majirani baada ya ibada ya Jumapili, na wawili kati yao wana visima vinavyokauka kila Februari.

Jumatano nikarudi na kamba ya kupimia ya kukodi (shilingi 1,500 kwa siku). Maji yalikuwa mita 112.43. Hayakupanda, yameshuka sentimita tatu. Kilichotokea ni kwamba kebo ilikuwa imebeba uzito wake wote, plastiki ikavutika, na kibano nilichokaza mdomoni kikateleza. Kihisi kilikuwa kinazama polepole, na kila kikizama kinaona maji mengi zaidi juu yake. Nilikwenda kwa mama siku hiyo hiyo nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitawaambia Jumapili." Nitakwenda naye.

Marekebisho: tumetoa kila kitu, watu watatu, nusu siku. Sasa kihisi kinaning'inia kwa waya wa chuma wa milimita 3 (mita 130 kwa shilingi 60, jumla 7,800) uliofungwa kwenye ndoano iliyochomelewa bombani. Kebo imefungwa kwenye waya huo kila mita mbili na haibebi chochote. Kanuni niliyojiwekea: simwambii mtu kiwango cha maji kimebadilika kabla ya kupima kwa kamba.

11 Januari 2025: Siku tatu za kudanganyika

Tangu mwisho wa Desemba ardhi ya Ethiopia imekuwa ikitikisika mfululizo, eneo la Awash na Fentale, na mapema mwezi huu mvuke na matope vilifoka karibu na mlima Dofen. Maelfu ya watu wamehamishwa. Nilikuwa nikifuatilia habari hizo usiku na mchana, na moyo wangu ulikuwa tayari kuona.

Jumatatu tarehe 6, saa 05:10, maji kisimani yalishuka ghafla. Sentimita 38 kwa dakika 50. Niliwaandikia marafiki wawili wa kazi kwamba kisima kimejibu Ethiopia.

Jumanne, saa 05:05, yakashuka tena. Jumatano, 05:15. Tetemeko haliamki kwa saa ya kengele. Nilitoka nikatembea hadi nikasikia mlio wa jenereta. Mita 180 kutoka hapa kuna kisima kinachouza maji kwa malori. Pampu yao iliungua Novemba, mpya imefungwa mwanzoni mwa Januari, ndiyo maana sikuwahi kuiona kwenye grafu.

Nikitazama sasa, umbo lenyewe lilikuwa linanieleza. Pampu inachora mteremko mkali unaolegea kidogo kidogo, kama ndoo inayovuja, na ikizimwa mteremko unarudi juu kwa umbo lile lile lililogeuzwa. Tetemeko la mbali linachora mtikisiko wa kwenda na kurudi. Tetemeko la karibu linaweza kuacha ngazi, yaani maji yanaruka kutoka kiwango kimoja hadi kingine kwa dakika chache na kubaki huko. Tena Awash iko karibu kilomita 1,200. Kwa matetemeko ya ukubwa wa 5 na kitu, kwa umbali huo, kisima changu hakina cha kusikia.

Kijana anayeendesha pampu ile ni mtu mwema. "Mzee, ungeniuliza tu," aliniambia. Sasa ana daftari: anaandika saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Kila wiki ninamtumia salio la 200. Hakuna kifaa katika mradi huu chenye thamani kuliko daftari hilo.

22 Februari 2025: Saa nne mbili

Hili ndilo nililojifunza zaidi hadi sasa.

Nikiondoa saa za pampu, grafu ilibaki na mawimbi mawili kila siku. Nilidhani ni mwezi. Mwezi na jua huvuta bahari, na huvuta pia mwamba wenyewe: ardhi yote chini ya miguu yetu huinuka na kushuka kidogo mara mbili kwa siku, na maji yaliyobanwa huonyesha hilo. Kwa hiyo nilimwonyesha rafiki yangu anayefundisha fizikia kidato cha tatu, nikijivuna kwamba kisima kinasikia mwezi.

Mwalimu alichukua rula, akaangalia mabonde, akauliza, "Mbona kila siku ni saa nne?" Kweli. Bonde moja saa nne asubuhi, 10:00, jingine saa nne usiku, 22:00. Vilele viko saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Siku ishirini mfululizo, bila kusogea. Mwezi hauwezi kufanya hivyo, kwani kila siku unachelewa takriban dakika 50. Kitu kinachoshika saa namna hii kinaongozwa na jua, na hapa kwetu karibu na ikweta ni hewa. Jua linapasha anga joto, na shinikizo la hewa linapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Huku juu, ambako shinikizo ni karibu hektopaskali 830, kupanda na kushuka huko kwangu ni kama hektopaskali 4. Hektopaskali moja ni sawa na sentimita moja ya maji. Kwa mtu anayetafuta mabadiliko ya sentimita mbili, hiyo ni kelele kubwa.

Kosa langu lilikuwa kutoa hewa yote kwenye kipimo cha kihisi, nikidhani hapo kazi imekwisha. Lakini hewa ikiongezeka haikandamizi kihisi peke yake. Inasukuma pia uso wa maji ndani ya bomba, na sehemu ya maji inarudishwa mwambani. Sehemu nyingine ya uzito huo inabebwa na mwamba wenyewe. Kila kisima kina mgawanyo wake. Mwalimu alipanga namba za siku 30 zisizo na pampu mchana, saa baada ya saa, tukapata kwamba kila sentimita moja ya hewa inashusha maji yetu sentimita 0.55. Kwenye programu sasa naondoa kwanza hewa nzima kutoka kwenye kihisi, kisha narudisha hiyo 0.55.

Grafu ikatulia. Na chini yake, kidogo sana, kama sentimita moja na nusu, kulikuwa na wimbi jingine. Tulipanga vilele siku kwa siku na vilisogea, kila siku vikichelewa. Huyo ndiye mwezi.

Tulikaa kimya jikoni kwake tukiangalia. Kipimo hiki kina faida kubwa kwa anayeiga: kisima kisichousikia mwezi hakitasikia tetemeko la mbali. Kabla hujatumia pesa zaidi, utafute mwezi kwanza.

5 Aprili 2025: Myanmar imepita, nina nukta moja

Tarehe 28 Machi tetemeko la 7.7 lilipiga Myanmar, karibu na Mandalay. Kutoka huko hadi Nairobi ni kama kilomita 6,900. Orodha ya kimataifa ilisema saa 06:20. Mawimbi ya juu ya ardhi, yale mapana yanayotembea polepole kuliko mengine, huenda takriban kilomita tatu na nusu hivi kwa sekunde, kwa hiyo nilitazama grafu kuanzia 06:50. Hakuna kitu. Pampu ya jirani tu. Niliandika kwenye daftari kwamba kisima hakisikii, na jioni hiyo nilifikiria kuuza kihisi.

Siku mbili baadaye Mwalimu aliuliza, "Hizo ni saa za wapi?" Ni saa za ulimwengu, za Greenwich. Kwetu ongeza tatu. Tetemeko lilitokea saa 09:20 za Nairobi, na mawimbi yangefika karibu 09:52. Nilirudi kwenye grafu. Kipimo cha 09:50 kiko sawa na cha kabla yake. Cha 10:00 kiko sentimita 4 juu. Cha 10:10 kimerudi chini.

Nukta moja. Siwezi kusema ni Myanmar, siwezi kusema siyo. Mawimbi hayo yana sekunde kama 20 kutoka kilele hadi kilele, na mimi napima kila baada ya dakika 10. Ni kama kufumba macho, kufumbua mara moja, na kudai umeona ngoma yote.

Nimejifariji kwa historia. Tetemeko la Alaska la Machi 1964, lenye ukubwa wa 9.2, lilitikisa mamia ya visima Marekani, na kimoja kule Belle Fourche, South Dakota, maji yake yalicheza kwa futi 23, yaani mita 7. Lakini visima vingi siku hizo vilirekodiwa kwa kalamu juu ya karatasi iliyozunguka polepole mno, kwa hiyo kilichobaki ni mstari mmoja wa wima. Waliona kwamba maji yalicheza na urefu wa mchezo wenyewe, wasione hatua zake. Mimi sikupata hata mstari.

17 Mei 2025: Kuamka kila sekunde

Wiki sita za kazi, na mvua za masika katikati.

Kupima: kutoka kila dakika 10 hadi kila sekunde. Ni vipimo 86,400 kwa siku. Kadi inavimudu bila shida, betri haikuvimudu. Ile ndogo ilizima usiku wa tatu wenye mawingu. Nimenunua ya saa-ampea 18 kwa 4,800.

Kelele: nilipoanza kupima kila sekunde nikaona mstari mnene wa milimita 6 ambao haukuwa maji. Kebo ya mita 130 ni antena, inaokota umeme wa nyaya za ploti. Nilifunga ngao ya kebo, yaani ganda la waya linaloizunguka, kwenye ardhi pande zote mbili na kelele ikazidi. Ifungeni upande mmoja tu, wa juu. Halafu bodi inasoma mara 16 ndani ya kila sekunde na kuandika wastani. Imebaki milimita moja, na hiyo inatosha.

Saa: kisaa cha bei rahisi kilipoteza dakika nne ndani ya mwezi mmoja. Kwa mtu anayepima kiwango cha maji si neno. Kwa mtu anayetaka kulinganisha na mawimbi yanayokuja kilomita tatu na nusu kila sekunde, dakika nne ni zaidi ya kilomita 800. Nimeongeza kipokezi cha satelaiti kinachorekebisha saa kila usiku wa manane, 1,400.

Mvua: sanduku liliingia maji tarehe 24 Aprili kupitia tundu la kebo, nililolitoboa juu. Tundu litobolewe chini, na kebo ipindwe mviringo kabla ya kuingia ili tone lianguke. Bodi ilipona, kipima hewa kilikufa. Siku tisa bila rekodi ya hewa maana yake ni siku tisa bila rekodi yoyote ya maana. Kubadilisha na kuziba: 1,200.

Jambo la pembeni: watu wengi waliniuliza kama mvua hizi zimepandisha maji. Kwa kina cha mita 186 chini ya mwamba, masika ya mwaka huu hayajafika na hayatafika mwaka huu.

2 Agosti 2025: Kamchatka

Jumatano tarehe 30 Julai niliamka nikakuta simu imejaa habari za tahadhari ya tsunami Pasifiki. Tetemeko la 8.8, pwani ya Kamchatka, Urusi. Safari hii niliongeza tatu kabla ya chai: 02:24 za Nairobi. Umbali kama kilomita 12,300. Nilihesabu kwenye matatu, nikapata yangefika yapata saa 03:20. Pampu ya jirani huwaka saa tano... hapana, niandike vizuri: saa kumi na moja alfajiri, 05:00. Kama kisima kilisikia, kilisikia katika ukimya.

Nilitoa kadi nikaifungua pale pale juu ya jiwe la mdomo wa kisima, mama mwenye ploti amesimama nyuma yangu.

Hadi 02:40 mstari umenyooka. Kisha vimawimbi vya milimita mbili tatu, vinavyokuja na kwenda. Saa 03:19 maji yanaanza kuinuka taratibu, mawimbi mapana kwanza, kisha yanakazana, na kufikia 03:27 yanakwenda juu na chini sentimita 17 kutoka bonde hadi kilele, kila sekunde ishirini na kitu. Maji yaliyolala mita 113 chini ya Lang'ata yalikuwa yakicheza kwa sababu ya mwamba uliokatika upande mwingine wa dunia, na hapa juu hakuna hata mbwa aliyebweka. Yalicheza zaidi ya saa nzima, yakififia.

Kisha, karibu saa 04:30, yakainuka tena kidogo, sentimita mbili hivi, mawimbi mapana sana. Nilidhani ni tetemeko la pili. Mwalimu alikokotoa: mzingo wa dunia ni kilomita 40,000, toa 12,300, zinabaki 27,700. Gawa kwa kasi ile ile ya wimbi la kwanza. Inatoka saa mbili na dakika tano. Lilikuwa wimbi lile lile, lililozunguka kwa njia ndefu na kutufikia kutoka nyuma.

Mama alitazama mstari ule muda mrefu. Akauliza, "Na maji yamebaki wapi?" Hilo ndilo swali. Nimeondoa hewa, nimeondoa mwezi, nimelinganisha wastani wa saa moja kabla ya 02:24 na wa saa 04:50: tofauti haifiki milimita 2. Yalirudi palepale.

Si lazima iwe hivyo kila mahali. Taiwan mwaka 1999, tetemeko la Chi-Chi lilipotokea karibu na mtandao mkubwa wa visima vya kupimia, kuna visima vilivyopanda mita kadhaa kwa mpigo. Pennsylvania, Marekani, Septemba 1998, tetemeko la 5.2 tu lilikausha visima vya nyumbani kama 120 vilivyokuwa juu ya kilima, huku vya bondeni vikipanda: nyufa za mwamba zilifunguka na maji ya juu yakateremka. Mtikisiko ukiwa na nguvu ya kutosha unazibua tope lililoziba nyufa, na mwamba unaanza kupitisha maji kuliko jana. Nadhani ndicho nilichokiona Rongai mwaka 2007, ile rangi ya chai. Kutoka Kamchatka nguvu iliyofika hapa ilitosha kutikisa maji, haikutosha kugusa nyufa.

27 Septemba 2025: Hesabu ya pesa na ya maji

Pesa: mwanzo 43,750. Waya 7,800, kukodi kamba ya kupimia mara mbili 3,000, kipokezi cha saa 1,400, betri 4,800, marekebisho ya mvua 1,200. Jumla 61,950, bila nauli na bila salio la kijana wa pampu. Anayeanza leo akifuata yaliyo juu anaweza kuokoa betri ya kwanza, kipima hewa kimoja na nusu siku ya watu watatu.

Maji: leo kamba imesema mita 113.12. Novemba ilikuwa 112.40. Sentimita 72 ndani ya miezi kumi na nusu. Tetemeko kubwa kuliko yote niliyowahi kuyapima liliyapandisha na kuyashusha sentimita 17 na kuyarudisha yote. Hizi 72 hazijarudishwa, na nikiweka daftari la kijana wa pampu kando ya grafu, kila alfajiri naona sehemu yake ndogo ikiondoka na isirudi kamili kabla ya kesho. Majirani wawili wameniambia visima vyao vilipungua "tangu lile tetemeko". Nimewaonyesha grafu ya Julai, saa kabla na saa baada. Mmoja amekubali kuweka daftari lake mwenyewe.

Mwenye kisima cha malori pia ameiona. Nilikwenda kwake bila kulaumu, nikiwa na karatasi mbili tu. Aliuliza kama akivuta kwa saa nyingi zaidi lakini kwa pampu ndogo maji yatashuka kidogo. Nilimwambia pale kwake yatashuka kidogo, lakini jumla anayochukua ikiwa ile ile, mwamba hautaona tofauti kubwa. Amesema atafikiria. Kijana wake ameshaanza kuandika pia idadi ya malori.

Kihisi cha pili kimeagizwa. Kinakwenda Ruai, kisima cha shule kilichoachwa kwa sababu ya floraidi vilevile, maji mita 86. Fomu ya mchimbaji imepotea, kwa hiyo sijui kama maji yamebanwa. Nitakishusha kwa waya wa chuma tangu siku ya kwanza, nipime kila sekunde, na mwezi mmoja wa mwanzo nitakuwa nautafuta mwezi.